PIO GAMA PINTO: MFUNGWA WA MANDA ALIYEOGOPWA NA SERIKALI MBILI

Msafiri anayeshuka basi Mokowe na kungoja chombo cha kumvusha kwenda Lamu huiona Manda imelala ng'ambo ya maji, mikoko imeizunguka kama ua. Watu wengi huijua Manda kwa mambo mawili: uwanja wa ndege, na magofu ya Takwa, mji wa kale wenye msikiti wa Ijumaa na kaburi la mnara lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijria. Ni wachache, hasa miongoni mwa vijana, wanaojua kwamba katika miaka ya hamsini Takwa ilipata watu tena. Safari hii hawakuwa wavuvi wala wenye mashamba. Walikuwa watu waliotiwa kizuizini na serikali ya Kiingereza bila ya kushtakiwa mbele ya hakimu yeyote.

Mmoja wao alikuwa Pio Gama Pinto. Hakuwa Mswahili, wala hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mgoa, Mkatoliki kwa malezi, mzaliwa wa Nairobi. Lakini maisha yake yanatuhusu sisi watu wa mwambao kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba miaka mizuri ya ujana wake ilipotelea katika kisiwa chetu. Ya pili, na ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba kisa chake chaonyesha jinsi serikali inavyoweza kumwogopa mtu kwa sababu ya jina alilobandikwa, na kwa ajili ya hofu hiyo ikaivunja haki ambayo kila raia anaitegemea.

MTOTO WA GOA NA NAIROBI

Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Wazazi wake walitoka Goa, lile jimbo dogo la pwani ya Bara Hindi ambalo Wareno waliliteka mwaka 1510. Jina la Goa si geni katika tarehe ya visiwa vyetu. Manowari zilizoiangamiza Faza mwaka 1587, na zile zilizokuja mwaka 1589, Lamu ikampoteza mfalme wake, zilitumwa kutoka Goa. Kwa hiyo Mgoa na Mwamu, ingawa bahari kuu iko baina yao, walionja bakora ya bwana mmoja.

Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni mjini Nairobi. Kijana huyo alipofikia umri wa miaka minane alipelekwa Bara Hindi kusoma, akasoma Goa na baadaye Dharwar. Mwaka 1944 alijiunga kwa muda mfupi na jeshi la anga la India, kisha akapata kazi katika idara ya posta na simu mjini Bombay. Huko ndiko alikoonja siasa kwa mara ya kwanza, kwani wafanyakazi waligoma naye akawa pamoja nao.

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, India ilikuwa ikielekea kwenye uhuru wake, lakini Goa ilibaki mikononi mwa Wareno. Pinto akawa miongoni mwa vijana walioanzisha chama cha kuikomboa. Polisi wa Kireno wakaanza kumtafuta. Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 22, alirudi Kenya, nchi aliyozaliwa. Alikimbia serikali moja ya kikoloni na kuingia katika nyingine.

HOFU ILIYOKUJA NA AMANI

Ili kuelewa yaliyompata, sharti tukumbuke hali ya dunia ya wakati ule. Vita dhidi ya Hitler vilikwisha mwaka 1945, lakini mataifa makubwa yaliyopigana bega kwa bega yakageukiana. Upande mmoja Marekani na Uingereza, upande wa pili Urusi. Hiyo ndiyo iliyoitwa vita baridi. Huko Marekani, katika miaka ya mwanzo ya hamsini, seneta Joseph McCarthy alipata umaarufu kwa kuwatuhumu watu ukomunisti. Walimu, waandishi, wachezaji wa sinema na watumishi wa serikali walipoteza kazi zao kwa tuhuma tu. Uingereza nayo, mwezi wa Oktoba 1953, ilipeleka askari Guiana ya Kiingereza na kuisimamisha katiba, kwa madai kwamba serikali ya Cheddi Jagan, iliyochaguliwa na wananchi miezi michache kabla, ilikuwa ya kikomunisti.

Upepo huo ulivuma mpaka kwetu. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandarini, wa reli na wa majumbani, wapatao 15,000, waligoma kwa muda wa karibu wiki mbili wakidai mishahara ya kuwatosha. Mji ulisimama kimya. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa Kabarnet, mbali kabisa na bahari, akakaa huko kwa miaka mingi. Baadaye ilifika zamu ya Makhan Singh, Kalasinga aliyewaunganisha wafanyakazi wa Kiafrika na wa Kihindi katika chama kimoja. Alikamatwa mwezi wa Mei 1950. Yeye hakuficha, alikiri mwenyewe kwamba ni mkomunisti. Alizuiliwa mpaka Oktoba 1961, miaka kumi na moja na zaidi, katika sehemu kavu za kaskazini.

Hapo yafaa tutue kidogo. Watu wa Mombasa waligoma kwa sababu ya njaa na kodi za nyumba. Wakikuyu wa bara walinung'unika kwa sababu ya ardhi yao. Malalamiko hayo hayakuhitaji kuletwa kutoka Moscow. Lakini serikali iliyokuwa na hofu iliona wepesi zaidi kumtafuta mchochezi kuliko kulitazama jambo lililomchochea. Kila aliyedai haki ya wengi akatiliwa shaka, na kila aliyetiliwa shaka akawa ni wa hatari.

MIEZI MITANO YA NDOA

Pinto aliingia katika hali hiyo akiwa macho. Alifanya kazi za ukarani, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti, akafanya kazi katika gazeti la Daily Chronicle la Nairobi. Alifanya kazi pia katika ofisi ya chama cha Wahindi, Indian Congress, na akawa daraja baina ya Wahindi wenye kupenda uhuru na viongozi wa chama cha KAU. Wakati ule jamii zilikaa mbalimbali, Mzungu juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini. Mgoa wa tabaka la makarani alitarajiwa kutulia na kumshukuru bwana wake. Pinto hakutulia.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na wenzake watano walikamatwa na kushtakiwa Kapenguria. Pinto alikuwa mmoja wa waliohangaika kuwatafutia mawakili. Zaidi ya hayo, wenzake waliandika baadaye kwamba aliwasaidia wapiganaji wa msituni kwa fedha na hata kwa silaha. Jambo hili halina haja ya kufichwa. Pinto hakuwa mtazamaji tu. Alichagua upande wake, naye alijua gharama yake.

Mwezi wa Januari 1954 alimwoa Emma. Mwezi wa Aprili majeshi ya Kiingereza yaliizunguka Nairobi na kukamata maelfu kwa maelfu ya watu. Mwezi wa Juni, ndoa yake ikiwa na miezi mitano tu, Pinto naye alikamatwa, akasafirishwa mpaka pwani na kutiwa kizuizini Takwa, katika kisiwa cha Manda.

KISIWA KISICHO NA MAJI MATAMU

Waliochagua Manda walikuwa na akili zao. Kisiwa hicho ni maarufu kwa uhaba wa maji matamu, na wenyeji wa kale wa Takwa walikwisha kukihama tangu karne ya kumi na saba. Mtu aliyewekwa pale hana pa kukimbilia. Mbele yake mikoko na matope, nyuma yake bahari kuu.

Pamoja na Pinto alikuwako Achieng Oneko, mmoja wa washtakiwa wa Kapenguria. Kisa cha Oneko ni cha ajabu peke yake. Hukumu yake ilitenguliwa katika rufani, yaani sheria ilisema hana hatia, lakini hakuachiwa. Gavana alitia sahihi hati ya kizuizini, na hati hiyo ikawa na nguvu kuliko maneno ya majaji. Katika miaka hiyo alikuwako Manda pia Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa Kikuyu, ambaye aliandika siku kwa siku mambo ya kizuizini. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1983 na kupata tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Wengi wa mahabusu wa Manda hawakuwa watu wa kushika bunduki. Walikuwa watu wa kalamu, wa vyama na wa mikutano.

Makadhi wetu wanaijua kanuni ya kale, ambayo hata watoto wa chuoni huisikia, kwamba mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi, na mwenye kukana ana kiapo chake. Kanuni hiyo ndiyo ukuta baina ya mnyonge na mwenye nguvu. Sasa tutazame yaliyofanyika Manda. Mdai alikuwa Gavana. Ushahidi ulikaa katika majalada ya polisi wa siri, na mshtakiwa hakupewa nafasi ya kuupima mbele ya watu. Kiapo hakikuulizwa. Kifungo hakikuwa na mwisho, kwa kuwa hakikuwa na hukumu. Mwizi wa kuku alijua atatoka lini. Mahabusu wa Manda hakujua.

Huenda mtu akauliza: ikiwa kweli Pinto aliwasaidia wapiganaji, serikali ilikosa nini? Ilikosa jambo moja kubwa. Mahakama zilikuwapo, na sheria kali za hali ya hatari zilikuwapo. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa sheria hizo. Kama ushahidi ulikuwako, ungeletwa. Serikali inayokwepa mahakama zake yenyewe huwa imekwisha kukiri kwamba inaongozwa na dhana, na dini yetu imetuonya sana juu ya dhana. Tena milango ikishafunguliwa kwa ajili ya mmoja, haifungwi kwa wengine. Mwisho wa mwaka 1954 waliokuwa kizuizini katika Kenya nzima walipita 70,000, na wengi wao hawakuwa na la kujibu ila kabila lao.

Pinto alikaa Manda mpaka mwaka 1957. Kisha akapelekwa Kabarnet, mji ule ule aliofungiwa Kibachia wa Mombasa, akazuiliwa asitoke huko mpaka mwaka 1959. Mwaka huo ndio uliotokea msiba wa Hola, kwenye Mto Tana, ambako mahabusu 11 walipigwa mpaka wakafa tarehe 3 Machi. Wakubwa walidai kwanza kwamba wamekufa kwa kunywa maji. Uongo huo ulipofichuka, Bunge la London lilitikisika, na mambo ya vizuizi yakaanza kuvunjika. Pinto alikuwa amezuiliwa kwa zaidi ya miaka mitano.

UHURU ULIPOKUJA

Alipoachiwa hakupumzika. Mwaka 1960 alisaidia kuanzisha gazeti la chama, Sauti ya KANU, na baadaye akawa mkurugenzi wa kampuni ya magazeti iliyoitwa Pan African Press. Alizitafutia msaada familia za watu waliotoka kizuizini mikono mitupu. Aliendelea pia kuwasaidia wapigania uhuru wa Msumbiji, nchi iliyokuwa bado chini ya Wareno wale wale. Mwaka 1963 alichaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria la Afrika ya Mashariki, na mwezi wa Julai 1964 akawa mbunge wa Kenya.

Lakini vita baridi havikuondoka na bendera ya Kiingereza. Ndani ya KANU kukawa na pande mbili. Wako waliosema ardhi iliyoachwa na walowezi inunuliwe na mwenye uwezo, na wako waliosema damu iliyomwagika haikumwagika ili matajiri wabadilishane rangi. Pinto alikuwa upande wa pili pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa Rais. Alishughulika sana katika kuanzisha Chuo cha Lumumba mwaka 1964, cha kuwafundisha wafanyakazi wa chama, na chuo hicho kilipata msaada kutoka nchi za kisoshalisti. Wapinzani wao walipata tena lile neno la zamani. Aliyewauliza habari za ardhi aliitwa mkomunisti, na aliyekwisha kuitwa hivyo hakusikilizwa tena.

Asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965, Pinto alikuwa katika gari lake nje ya nyumba yake, Westlands, Nairobi, pamoja na binti yake mdogo. Watu walimkaribia na kumpiga risasi. Alikufa pale pale, hajatimiza miaka 38, akaacha mjane na mabinti watatu. Siku tatu kabla yake, Malcolm X, Mwislamu wa Marekani aliyeitembelea Nairobi mwaka 1964, alikuwa ameuawa New York.

Vijana wawili walishtakiwa. Mmoja aliachiwa. Wa pili, Kisilu Mutua, alihukumiwa kunyongwa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alitoka mwaka 2001, baada ya miaka 36 gerezani, akisema kama alivyosema tangu mwanzo kwamba hakumwua mtu huyo. Waliotuma hawakufikishwa kortini.

Miezi iliyofuata ilionyesha hofu ilivyokuwa imepanda. Mwezi wa Aprili 1965 meli ya Kirusi, Fizik Lebedev, ilifika Mombasa na shehena ya silaha, na Rais Kenyatta akaikataa. Chuo cha Lumumba kilifungwa mwaka huo huo. Mwaka 1966 Odinga alitoka katika KANU na kuunda chama cha KPU, na Bunge likapitisha sheria iliyoiruhusu serikali kumtia mtu kizuizini bila ya kumshtaki, hata nchi ikiwa katika amani.

SILAHA ILIYORITHIWA

Hapa ndipo penye funzo la maisha ya Pinto. Mkoloni alipoondoka aliacha reli, bandari, na ile hati ya kizuizini. Wale waliokalia viti vyake walikuwa wengine wao wamefungwa kwa hati hiyo hiyo. Wao kuliko watu wote walipaswa kuitia moto. Badala yake waliikunja vizuri na kuiweka mfukoni.

Achieng Oneko, aliyekuwa pamoja na Pinto pale Takwa, alikamatwa tena mwaka 1969, akakaa kizuizini mpaka mwaka 1975, safari hii chini ya bendera aliyoipigania. Sisi wa pwani nasi hatukusalimika. Abdilatif Abdalla, malenga wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu kuanzia mwaka 1969 kwa waraka aliouandika kuiuliza serikali ilikokuwa ikiipeleka nchi. Yeye angalau alifikishwa kortini. Humo gerezani alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyotolewa kitabu mwaka 1973 na kupata tuzo iliyobeba jina la Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Baadaye yakaja majina mengine ya kuogopwa, na kila kizazi kina lake. Katika miaka ya themanini walikamatwa walimu wa vyuo vikuu na waandishi, wakaitwa wapinzani wa nchi. Mwaka 1997 tu ndipo Bunge lilipoondoa kizuizi bila mashtaka, na katiba ya mwaka 2010 ikaweka kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya korti inayofuata.

Saa 24 huonekana ni kitu kidogo kwa asiyejua. Kwa Pinto zingelikuwa ni tofauti ya usiku mmoja na miaka mitano. Haki hiyo haikuandikwa kwa ajili ya watu tunaowapenda, kwa maana hao tutawatetea hata bila ya katiba. Iliandikwa kwa ajili ya yule tunayemwogopa, ambaye jina lake likitajwa barazani watu hugeuza mazungumzo. Mwaka mmoja ni mkomunisti, mwaka mwingine ni kijana wa msikitini ambaye mama yake hajui alikopelekwa. Anayenyamaza leo kwa kuwa aliyechukuliwa si wa kwao, si wa dini yake wala si wa rangi yake, ajue kwamba hati ikishatiwa sahihi haiulizi ukoo.

Pinto hakuacha mali ya kurithiwa. Mjane wake na watoto walihamia Kanada. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilitoa stempu ya posta yenye sura yake, ikamhesabu miongoni mwa mashujaa wa nchi. Mtu aliyezuiliwa na serikali moja kwa kuitwa hatari, akauawa chini ya serikali nyingine akiitwa hatari, leo amebandikwa juu ya barua. Ni heshima, na inafaa. Lakini heshima iliyo kubwa zaidi ni kuhakikisha kwamba hakuna kisiwa chochote cha nchi hii kitakachofanywa tena kuwa Takwa ya watu wasiohukumiwa.